Shilingi ngapi kwa muziki wa filamu? Kazi ya mtunzi na mafungu yake ya fedha

Mpiga marimba wa Bagamoyo akiambiwa kuna filamu inatafuta muziki, swali lake la kwanza ni "Wanalipa shilingi ngapi?" Ni swali la haki, mtu anaishi kwa kazi ya mikono yake. Ila ndani ya swali hilo kuna maswali matatu yaliyofungwa pamoja: unalipwa ngapi kutunga, unalipwa ngapi kurekodi, na unalipwa ngapi kila muziki huo unapotumika baada ya hapo. Anayejibiwa kwa tarakimu moja na kuikubali papo hapo ameuza vitu vitatu kwa bei ya kimoja, na mara nyingi hajui.

Nayasema haya kwa ajili ya Bagamoyo hasa, kwa sababu mji huu haukosi wanamuziki. Chuo cha Sanaa kipo tangu mwaka 1981, na tangu 2007 tunakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha lake lilianza mwaka 1982. Hapa ndipo alipoishi na kufundisha marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, pamoja na zeze kwenye majukwaa ya dunia hadi alipofariki Desemba 2003. Vijana wanatoka hapa wakiwa na vidole vyepesi na masikio makali. Wanachokosa ni mtu wa kuwaeleza kwamba kutunga muziki wa filamu na tamthilia ni kazi ya pekee, yenye hesabu zake na karatasi zake, na kwamba anayeijua ngoma bila kuzijua karatasi atabaki kuitwa "yule jamaa wa sauti" mpaka azeeke.

Kazi inaanza kwa kutazama

Wimbo wa kawaida una uhuru wake. Ukitaka kurudia kiitikio unarudia, ukitaka dakika nne unapata dakika nne. Muziki wa filamu umekuja kutumikia kitu ambacho tayari kipo. Mtunzi huitwa karibu na mwisho, picha zikiwa zimepigwa, fedha nyingi zikiwa zimeshatumika, na tarehe ya kuonyeshwa ikiwa imetangazwa. Hali haijabadilika sana tangu mwaka 1908, pale Mfaransa Camille Saint-Saëns alipoandika mojawapo ya kazi za kwanza kabisa zilizotungwa mahsusi kwa filamu.

Hatua ya kwanza ni kikao. Mwongozaji, mhariri na mtunzi wanaitazama filamu yote, wakisimama kila inapobidi, na kila tukio linaulizwa: muziki unaanza wapi, unaishia wapi, na unamsemea nani? Hilo la tatu ndilo zito. Chukua tukio la mama aliyesimama ufukweni karibu na soko la samaki, jioni, ngalawa ya mwanawe haijarudi. Muziki unaweza kuwa wa mama, ukabeba hofu yake. Unaweza kuwa wa bahari, ambayo haijali kitu, ukatembea kwa utulivu huku yeye anaungua. Unaweza pia kumsemea mtazamaji, ambaye tukio lililopita limemwonyesha ngalawa ikipasuka, na kwa hiyo anajua asichokijua mama. Hizo ni tungo tatu zisizofanana hata kidogo, na kila moja inaifanya filamu iwe nyingine.

Kuna jibu la nne, nalo ni kutoweka muziki kabisa. Acha mawimbi, acha ndoo zinazogongana, acha sauti ya mnadi samaki anayeendelea na mnada wake kama vile hakuna lililotokea. Tamthilia zetu nyingi zinaogopa ukimya. Muziki unaanza na jina la kwanza kwenye skrini na kuishia na jina la mwisho, na kwa kuwa haunyamazi popote, unapofika msiba wenyewe hauna tena la kusema. Mtunzi anayeweza kumwambia mwongozaji "hapa tusiweke kitu", na akaeleza kwa nini, anastahili ada yake kwa sentensi hiyo peke yake.

Kwenye kikao hicho hicho utakutana na mtihani mwingine. Mhariri, ili apate mwendo wa kukata picha, huwa ameshaweka muziki wa muda, ameutoa kwenye filamu kubwa fulani ya nje. Mwongozaji ameusikia kwa majuma kadhaa na umemwingia. Sasa anakwambia, "Nataka kama huu huu." Usikasirike, na usinakili. Muulize anachokipenda ndani yake. Ni kasi? Ni uzito wa ngoma za chini? Ni kwamba kuna ala moja tu inayolia peke yake? Mara nyingi anapenda kitu kimoja, na kitu hicho unaweza kumpa kwa zeze. Ukinakili utakuwa umetengeneza kesi ambayo itamfuata mtayarishaji siku filamu itakapopata soko, na jina litakaloharibika ni lako.

Hesabu ya sekunde

Hapa ndipo watu wengi hushangaa, kwa sababu walidhani ni suala la hisia tu. Rudi kwa mama wa ufukweni. Tuseme tukio lina dakika 1 na sekunde 10. Kwenye sekunde ya 18.4 mama anageuka ghafla, ameona tanga kwa mbali. Kwenye sekunde ya 41 anatambua kwamba ngalawa ile ni ya mtu mwingine. Mwongozaji anataka muziki uziguse sehemu hizo mbili bila kuzipigia kelele.

Ukianza na kasi ya mapigo 90 kwa dakika, kasi ambayo mikono ya wengi huiangukia, mama atageuka mapigo 27 na zaidi ya nusu yakiwa yamepita. Atageuka katikati ya pigo na pigo. Mtazamaji hataweza kueleza kasoro, ila ataisikia. Punguza hadi mapigo 88, na mapigo 27 yanakwisha kwenye sekunde ya 18.41. Televisheni yetu hutumia fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde, na fremu moja ni sehemu 0.04 ya sekunde, kwa hiyo tofauti iliyobaki ni ndogo kuliko fremu moja. Umempata.

Bado. Ukiyahesabu mapigo hayo manne manne, 27 ni mafungu sita na mapigo matatu juu, na mama atageukia pigo la nne, lililo dhaifu. Ukiyahesabu matatu matatu, 27 ni mafungu tisa kamili, naye anageuka kwenye pigo la kwanza la fungu la kumi, pale ambapo mwili wa msikilizaji unategemea kitu kitokee. Endelea mpaka sekunde ya 41: kwa kasi ile ile mapigo 60 yanakwisha kwenye 40.91, kama fremu mbili mapema. Baada ya mgeuko wa kwanza shusha kasi mpaka 87.6, jambo ambalo hakuna sikio litakalolikamata, na pigo la 60 linakwisha pale pale. Na 60 nayo inagawanyika kwa tatu. Kwa hiyo muziki wa mama huyu ni wa mapigo matatu matatu, na picha ndiyo iliyouomba uwe hivyo.

Sasa fikiria kwamba umeshamaliza, umeshalipa wapigaji, halafu mhariri anakata sekunde tatu mwanzoni mwa tukio kwa sababu "lilikuwa refu kidogo". Sekunde tatu kwa kasi ya 88 ni mapigo 4.4. Mgeuko wa mama umehama, fungu la tatu tatu limevunjika, na kila kilichofuata kimeteleza. Ndiyo maana watunzi wazoefu hawaanzi kurekodi kabla mwongozaji hajatamka, na ikiwezekana hajaandika, kwamba picha zimefungwa, yaani hazitakatwa tena. Ndiyo maana pia mkataba hutaja idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya ada, na kwamba yanayozidi hapo yanalipiwa. Wengine huona aibu kuliweka jambo hilo, wakihofia kuonekana wagumu, na ndio hao wanaotunga filamu moja mara tatu kwa malipo ya mara moja.

Ngozi, upepo na kinanda

Kurekodi ala zetu kuna mambo ambayo mafunzo ya mtandaoni hayatakufundisha, kwa kuwa walioyatengeneza hawaishi pwani. Ngoma ya ngozi huotwa moto au huanikwa juani ili ngozi ikaze na sauti ipande. Ukiiingiza studio ikiwa na joto lake, sauti ni kali na safi. Baada ya muda, kwa unyevu wa bahari ya Bagamoyo, ngozi inalegea na sauti inashuka taratibu. Kama unarekodi vipande vingi vya tukio moja, cha kwanza na cha sita havitaungana, na kwenye kompyuta mshono utausikia waziwazi. Wanaojua huweka jiko la mkaa nje ya mlango, wanaziota ngoma upya kila baada ya vipande viwili vitatu, na kabla ya kuanza wanapiga pigo moja la kulinganisha na la mwanzo. Wanapanga ratiba kwa kufuata adhana, na dirisha wanalifunga kwa ajili ya kunguru.

Jambo la pili ni kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo unaosikika kwenye hedifoni. Kikundi cha ngoma kilichokua pamoja hupumua pamoja. Kinaongeza mwendo pale mchezaji anapopandwa na mori, kinapunguza pale anapopoa. Ukiwavalisha hedifoni zenye "ti, ti, ti" watapiga kwa usahihi na uhai utaondoka. Kuna njia mbili za kuishi na tatizo hili. Ya kwanza ni kubadili mlio wa kliki uwe sauti ya kayamba iliyorekodiwa, ili wapigaji wahisi wanamfuata mwenzao. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kuwaacha wapige huru huku wakiitazama picha kwenye ukuta, halafu mtunzi akae na kompyuta aandike ramani ya mwendo wao, na ala nyingine zote zifuate ramani hiyo. Ni kazi kubwa, inachosha macho, na matokeo yake hayafanani na kitu chochote kinachouzwa kwenye maktaba za muziki za mtandaoni.

La tatu ni ulinganifu wa sauti. Kinanda kimeigawa oktava, umbali wa kutoka sauti moja hadi ile ile ya juu yake, katika hatua 12 zinazolingana, kila moja ikiitwa nusu toni. Muziki wa Wagogo haukufuata mgawanyo huo. Sauti zake zinatokana na ngazi ya asili, ile inayojitokeza yenyewe ndani ya mlio wa uzi mmoja unaotetemeka. Sauti ya saba katika ngazi hiyo iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Ukimwagia kinanda chini ya ilimba, sauti hizo mbili zitagombana, na prodyuza asiyejua atasema ilimba "haijatyuniwa". Imetyuniwa vizuri sana. Kinachotakiwa ni kukilegeza kinanda kiifuate ilimba, na programu nyingi za leo zinaruhusu, au kukipa kinanda sauti moja tu ndefu ya chini na kuiachia ilimba nafasi yote ya juu. Kwamba zana za umeme zinaweza kukaa na ilimba bila kuivunjia heshima, Zawose mwenyewe alilithibitisha kwenye albamu ya Assembly ya mwaka 2002, aliyoifanya na Michael Brook, Mkanada ambaye pia ni mtunzi wa muziki wa filamu.

Nimewahi kumwona mzee mpiga zeze akiombwa apandishe uzi wake "kidogo tu" ulingane na kinanda. Aliupandisha. Wimbo ukatoka umenyooka, na ule ulio kwenye sauti yake, uliofanya aitwe studio, ukawa haupo.

Televisheni ina mwendo wake

Filamu ni mzigo mmoja mzito. Tamthilia ya televisheni ni mzigo wa kila siku. Ikiwa na vipindi kadhaa kwa juma, hakuna mtunzi anayeweza kukaa na kila tukio kama tulivyokaa na mama yule. Kinachofanyika ni kutunga wimbo wa kufungulia, halafu benki ya vipande: vya mashaka, vya mapenzi, vya ugomvi wa ndugu, vya kicheko, vifupi na virefu, vyote vikiwa na damu ya wimbo ule wa kufungulia. Mhariri anachota humo. Kipaji kinachotakiwa ni kutengeneza vipande vinavyokatika popote bila kulia vibaya, na kumpa mhariri sauti zilizotengwa, ngoma peke yake, nyuzi peke yake, filimbi peke yake, ili aweze kuondoa moja maneno yanapoanza.

Na maneno hushinda daima. Usikivu wa usemi wa binadamu hutegemea sana masafa ya kati ya herzi 1,000 na 4,000, na humo ndimo filimbi, zeze na fidla za taarabu zinapong'arisha sauti zao. Mtu akiwa anazungumza, mtunzi mwenye adabu anashuka chini au anatulia. Usipofanya wewe atafanya mmiksaji kwa kuushusha muziki wote, na utaulaumu moyo wake bure.

Fedha zenyewe

Sasa turudi kwa yale maswali matatu.

Fungu la kwanza ni ada ya kutunga, malipo ya akili na muda wako. La pili ni gharama za kuutengeneza muziki: wapigaji, studio, fundi wa kumiksi, nauli, chakula, bando. Watayarishaji wengi huyaunganisha na kukupa "kifurushi", fedha moja kwa kila kitu. Kifurushi si dhambi, ila lazima ukipigie hesabu kabla ya kusema ndiyo. Tuseme umeahidiwa shilingi milioni 2. Wapigaji wanne kwa siku mbili, kila mmoja shilingi 60,000 kwa siku, ni 480,000. Studio siku mbili kwa 150,000 ni 300,000. Kumiksi 400,000. Nauli, chakula na mengineyo 220,000. Hiyo ni milioni 1 na laki 4. Umebaki na laki 6, na kama kazi ilikuchukua majuma matano, ni shilingi 120,000 kwa juma kabla marekebisho hayajaanza. Kijana anaona milioni 2 kwenye simu yake na kuwaambia rafiki zake kwamba amepata. Mtunzi mwenye hesabu anaomba ada itengwe na gharama, au anaandika mapema ni wapigaji wangapi na siku ngapi zilizomo.

Fungu la tatu ni haki, na ndilo linalojenga maisha ya mtunzi. Muziki uliotunga ni mali. Upo utungo wenyewe, na upo mkanda uliorekodiwa, ambao studio huuita masta. Ni mali mbili tofauti, na kila moja inaweza kuwa na mwenyewe wake. Mtayarishaji anahitaji ruhusa ya kuuweka muziki kwenye filamu yake, na ruhusa hiyo inaweza kuwa nyembamba au pana. Unaweza kumruhusu autumie katika filamu hii tu, nawe ukabaki na mali yako, ukautoa kama albamu au ukaukodisha kwa tangazo baadaye. Unaweza pia kumuuzia kila kitu milele. Ni sawa na mwenye nyumba anayechagua kupangisha au kuuza: zote ni biashara halali, ila hakuna anayeuza nyumba kwa kodi ya mwezi mmoja. Kwenye mikataba inayopita mikononi mwa wanamuziki wetu, maneno ya kuuza huandikwa mwishoni, kwa herufi ndogo, na bei iliyokubaliwa mwanzoni ilikuwa ya kupangisha.

Juu ya ruhusa hiyo kuna mirabaha, yaani malipo yanayotokana na muziki kurushwa hewani au kuonyeshwa hadharani. Wenzetu wameyapanga siku nyingi. SACEM, chama cha watunzi cha Ufaransa, kilianza mwaka 1851, PRS ya Uingereza mwaka 1914, na vyama vya namna hiyo hukusanyiana na kutumiana fedha kupitia mikataba ya wao kwa wao. Utaratibu hautofautiani kwa nchi tu bali hata kwa aina ya maonyesho. Marekani, kwa mfano, majumba ya sinema hayamlipi mtunzi mirabaha ya muziki uliomo ndani ya filamu, ingawa televisheni za huko hulipa. Ulaya sinema hulipa pia. Hapa kwetu msingi ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania. Mabadiliko ya mwaka 2022 yalifungua njia ya kuwepo kampuni za kukusanya na kugawa mirabaha, COSOTA ikibaki na usimamizi.

Chama chochote duniani kitakuuliza karatasi moja: orodha ya muziki uliotumika. Ni jedwali dogo. Linaonyesha kila kipande kilichosikika, jina lake, mtunzi na asilimia yake, muda wake kwa dakika na sekunde, na kama kilikuwa wimbo wa kufungulia, muziki wa nyuma, au muziki unaotoka ndani ya tukio, kama redio ya kinyozi. Mtayarishaji hulijaza, ila mtunzi mwerevu hulijaza mwenyewe siku anayokabidhi kazi na kumwomba mtayarishaji asaini. Bila jedwali hilo fedha zinaweza kukusanywa kwa haki kabisa na zisijue ziende kwa nani.

Wajibu kwa wapigaji

Mtunzi akimaliza kudai haki zake ana wengine wa kuwalipia zao. Mpiga zeze, mwimbaji na kikundi cha ngoma waliokaa mbele ya maiki yako wana hakishiriki, haki za watendaji, na zimo kwenye sheria ile ile ya 1999. Kama mpiga zeze alibuni mwenyewe ule mgeuko wa sauti unaoibeba filamu nzima, basi hata utungo una fungu lake. Hilo huandikwa siku ile ile, studio, kabla hajafungasha zeze lake: nani alifanya nini, analipwa nini, ana asilimia gani, na jina lake litaandikwaje mwisho wa filamu. Jina si fadhila. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu 1994, unamlinda mtunzi katika kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi hata baada ya kuuza haki za kipato.

Na ngoma ya kijiji, isiyo na mtunzi anayejulikana? Wengi hudhani ni ya kuokota. Sheria yetu ina sehemu nzima inayolinda sanaa za jadi, na kuzitumia kibiashara nje ya desturi yake kunahitaji idhini. Zaidi ya sheria, kuna wenyewe. Ngoma nyingine ni za unyago, nyingine za matanga, na kuichukua ya unyago na kuiweka chini ya tukio la kufukuzana kwa magari ni kuwatukana mama zetu mbele ya watu. Uliza kwanza, kwa wazee wa ngoma hiyo, na ukikatazwa usitafute njia ya pembeni.

Mtayarishaji asiyejali haya hupata adhabu mbali na nyumbani. Filamu ikichaguliwa kwenda tamasha la nje au ikitakiwa na mtandao wa kulipia, mwanasheria wa upande wa pili huomba ushahidi kwamba kila sauti iliyomo ina kibali. Karatasi za wapigaji wa Bagamoyo zikikosekana, filamu hukaa kabatini. Anayewafikishia watayarishaji faili kamili, lenye sahihi zote, anaitwa tena, hata kama si hodari kuliko wenzake.

Pa kuanzia

Sioni faida ya kuwakimbilia waongozaji wakubwa. Ludwig Göransson, Mswidi aliyepata Oscar mwaka 2019 kwa muziki wa filamu ya Black Panther, alimkuta mwongozaji Ryan Coogler wakiwa wote wanafunzi Chuo Kikuu cha Southern California, akamtungia filamu fupi ya shule. Wakakua pamoja. Kwa filamu ile kubwa alisafiri mpaka Senegal, akazunguka na mwimbaji wa huko, Baaba Maal, kusikiliza kabla ya kuandika. Katika habari hiyo nachukua mambo mawili: mwenzako wa kazi huenda yupo darasa la jirani leo, akihangaika na kamera ya kuazima, na wenye fedha za kununua kinanda chochote duniani walipanda ndege kuifuata ngoma ambayo wewe unaisikia bila nauli.

Kwa hiyo anza na filamu fupi za wanafunzi, makala za mashirika, michezo ya redio, matangazo ya dukani. Kila kazi iwe na karatasi, hata kama malipo ni chakula cha mchana, maana karatasi ya kazi isiyo na fedha ndiyo itakayokufundisha kuandika ya kazi yenye fedha. Jifunze pia kazi za pembeni, kuhariri muziki wa mwingine, kumiksi, kuandika noti kwa ajili ya kwaya na okestra. Wengi wamekula kupitia hizo miaka mingi kabla jina lao halijaandikwa peke yake kwenye skrini.

Sajili tungo zako mapema, na weka nakala mahali pawili au zaidi, kwa kuwa mirabaha huchelewa na hakimiliki haifi na mtunzi: Mkataba wa Berne unataka idumu uhai wake wote na miaka isiyopungua 50 baada ya kifo. Mwenzi wako na watoto waambiwe sasa hivi faili la mikataba liko kwenye droo gani, nenosiri la barua pepe ni lipi, na ni ofisi gani waende kuulizia.